Kipimo cha Moyo

Kila kitu sokoni kina kipimo chake. Kitambaa hupimwa kwa mita, mchele kwa kibaba, na sukari kwa mizani. Moyo wa mtu hauna kibaba wala mizani, lakini sisi sote huupima kila siku kwa macho, na mara nyingi hupunja. Mimi nilipunjwa, na mimi vile vile nilipunja.

Nilikuwa na umri wa miaka 13 nyanya yetu alipofariki. Dada yangu alianguka chini akalia mpaka sauti ikampotea. Mimi sikutoa chozi. Niliteka maji, nikatandika majamvi, nikakaa kimya. Siku ya tatu ya matanga nilimsikia shangazi akimwambia jirani, "Mtoto huyu moyo wake ni jiwe." Maneno hayo yalinichoma kama mwiba. Nikaanza kujiuliza kama kweli nilimpenda nyanya, aliyenilea tangu nilipoacha ziwa.

Mwenye jeraha hutafuta wa kumjeruhi. Mwezi haujaisha nikamwona dada yangu arusini, akicheka hata machozi yakamtoka. Nilimwambia kwamba kilio chake cha matangani kilikuwa cha uongo. Hakunijibu, na kwa muda mrefu hakusema nami ila kwa haja.

Miaka ilipita. Nilipokuwa chuo kikuu nilisoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa watu, nikaona kwamba wako wataalamu waliothubutu kupima nguvu ya hisia. Mmoja wao ni Randy Larsen, aliyetunga kipimo chake mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kipimo hicho si chombo cha chuma. Ni sentensi 40 juu ya jinsi mtu aonavyo moyoni apatapo jambo la furaha au la huzuni. Kwa kila sentensi mtu hujibu kwa tarakimu, tangu 1, maana yake "kamwe", mpaka 6, maana yake "daima". Jumla ya majibu huonyesha kama hisia zake kwa desturi ni kali au ni za taratibu.

Larsen, pamoja na Ed Diener na mwenzao mwingine, walitoa mwaka 1986 matokeo ya uchunguzi ambao watu waliandika kila siku, kwa siku 56, mambo yaliyowapata na jinsi yalivyowagusa. Watu wengine walipewa kazi ya kukadiria uzuri na ubaya wa mambo yale. Ilionekana kwamba kwa jambo la uzito ule ule, wenye hisia kali waliguswa zaidi kuliko wenzao. Na hawakuguswa zaidi na mabaya tu, bali na mema pia.

Niliposoma hayo nilikumbuka bahari ya kwetu. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa mpaka juu kabisa ya pwani, kisha hupwa mbali hata miamba ikawa wazi. Wakati wa maji mafu hujaa kidogo na kupwa kidogo. Dada yangu alikuwa bamvua. Kilio cha matangani na kicheko cha arusini vilitoka katika bahari moja, wala hapana kimoja kilichokuwa cha uongo. Mimi nilikuwa maji mafu. Nayo maji mafu, ijapokuwa huitwa hivyo, hayakufa.

Wala hakuna aliyemzidi mwenziwe kwa bahati. Mwaka 1991 Diener na wenzake walieleza kwamba furaha ya maisha hutegemea zaidi wingi wa mara ambazo mtu hufurahi kuliko ukali wa furaha yenyewe. Tena kipimo hiki husimama juu ya ushahidi wa mtu mwenyewe juu ya nafsi yake, na hakipimi upendo.

Nilimwandikia dada yangu barua ya kumtaka radhi. Alinijibu kwa kurasa nne, tatu za machozi na moja ya kicheko. Mwisho aliandika kwamba siku ile ya msiba aliniona nyuma ya nyumba, nimeishika bakora ya nyanya, nisiiachilie mpaka jioni; naye hakupata kuutilia shaka upendo wangu hata siku moja. Niliona haya. Yeye hakuwa amesoma kitabu chochote cha saikolojia, lakini alinipima sawasawa.

Basi, kijana msomaji, umwonapo mwenzako analia sana, usimwite mwongo. Na umwonapo amenyamaza, usimwite jiwe. Tazama mikono yake imeshika nini.