Mto Nile Amefunikwa Uso Roma, Sisi Tuna Mkono wa Nyayo

Wasee, mtu akienda Italia lazima aturushie video ya chemchemi. Wiki hii nimeona ya Piazza Navona pale Roma, ile Bernini alimaliza 1651. Kuna majitu manne ya mawe, kila jitu ni mto: Danube, Ganges, Río de la Plata na Nile. Nile amefunikwa kichwa na kitambaa. Sababu? Wazungu wa wakati huo hawakujua mto unaanzia wapi. Manze, si wangeuliza! Jinja kuna watu walikuwa wanauoga kila asubuhi.

Papa aliyeagiza hiyo kazi, Innocent wa Kumi, alilaumiwa sana. Watu wa Roma walikuwa wanataka mkate, yeye anawaletea mawe. Hiyo stori tunaijua.

Yetu iko Central Park. Ukitoka Kawangware na 46 mkishuka Valley Road, angalia kushoto kabla ya Uhuru Highway. Mnara wa Nyayo, 1988, Moi akifikisha miaka 10 ya utawala. Mkono umeshika rungu, unachomoka kileleni mwa Mlima Kenya, chini yake ndio chemchemi. Mwaka uliofuata ikaja plani ya jengo la ghorofa 60 hapo ng'ambo, Uhuru Park, pamoja na sanamu ya Moi. Wangari Maathai akawakalia ngumu, ikafa.

Mimi huo mkono naupenda, msinitukane. Nikiacha chuo nilikuwa naenda kukaa hapo mchana, nikiwa sina mia, na hakuna mtu aliniuliza nafanya nini na maisha. Kinachonisumbua ni maji.

Nimekulia Kibera, saa hii nakaa Kawangware. Kote maji ni mtungi. Lita 20, unalipa, unabeba. Mifereji ikikauka bei inapanda hapo hapo, na hakuna wa kuuliza. Mathe alikuwa anatuamsha saa kumi usiku tukapange laini. Ndoto yangu ya kwanza ya utajiri haikuwa gari. Ilikuwa kufungua mfereji ndani ya nyumba, nikiwa na vesti tu, bila kusalimia mtu. Na huko Murang'a kuna bwawa la Ndakaini, linaletea Nairobi maji tangu 1994, linabeba lita bilioni 70!

Kitu video hazisemi ni kwamba watu wa Roma walikuwa wanachota maji kwa chemchemi zao. Hazikuwa za picha pekee. Hadi leo kuna vibomba vya chuma barabarani, wanaviita nasoni, yaani pua kubwa. Vilianza 1874. Unainama, unakunywa, unaenda. Bure.

Kwa hivyo ombi langu ni hili: wasanii kama wale wa Maasai Mbili hapo Kibera wapewe pointi moja ya maji waichonge. Mto tunao, Ngong, unapita chini ya mtaa ukiingia Nairobi Dam. Wauchonge uso ukiwa wazi, na ile takataka yote shingoni kama mkufu. Lakini mfereji ufanye kazi kwanza, sanamu ije baadaye.

Iwekwe wapi sasa: Olympic, Makina, ama Kawangware 56?