Mita Kumi na Tano za Reli

Dar es Salaam ina mitaa iliyochukua jina la reli waziwazi: Tabata Relini, Mabibo Relini. Majina hayo yanaeleza nani aliyetangulia. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka jijini humu mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mji ndio ulioifuata reli.

Hivi karibuni tulipita kwa miguu kutoka Buguruni kwa Mnyamani kuelekea Tabata, tukiwa tumeombwa kukagua kiwanja ambacho mwenyewe alitaka kukiweka waqfu kwa ajili ya madrasa. Kando ya njia tuliyakuta maisha kamili: nguo zimeanikwa, mama lishe wanakaanga, watoto wanacheza juu ya kokoto za reli. Honi iliposikika walisogea bila haraka, na treni ilipopita wakarudi palepale. Mazoea hayo ndiyo yaliyotutisha. Treni ya mizigo iliyoshika mwendo haisimami papo hapo. Dereva hufunga breki, lakini mabehewa huisukuma mbele kwa mamia ya mita.

Hatuwalaumu wakazi. Wengi walifuata kodi nafuu, soko na kibarua vilivyo karibu. Hata hivyo, unafuu huo hulipiwa kwa usingizi unaokatika na hofu ya kuamka na kukuta alama ya X ukutani. Sheria imetenga hifadhi ya reli, mijini ikiwa mita 15 kila upande. Reli mpya ya umeme nayo ina treni zinazofikia kilomita 160 kwa saa, wala hazina ngurumo ya dizeli ya kumwonya mtu mapema. Uzio wake usitobolewe kutafuta njia ya mkato.

Kiwanja kile tulikipima. Kutoka relini hadi mahali pa ukuta wa darasa zilipatikana mita 9. Tulimshukuru mwenyewe, tukamweleza kuwa mtu huweka waqfu kile anachokimiliki, na kwamba watoto hawapelekwi kusoma penye hatari. Alinyamaza kitambo kirefu. Alikinunua kwa akiba ya miaka mingi, na muuzaji hakumwambia lolote.

Ndugu Waislamu, kabla ya kulipa, pimeni kwa futi kamba, ulizeni ofisi ya ardhi ya manispaa, kisha simameni hapo treni ikipita. Na muuzaji ana wajibu wa kubainisha aibu ya anachokiuza; kunyamaza ni ghushi.