F ya Hesabu

Mwaka 2022 niliomba kwenda kusomea udaktari wa binadamu. Niliomba kwa simu, usiku, nimekaa nje ya nyumba hapa Kisaka kwa sababu ndani mtandao unakuja na kuondoka. Nilikuwa na stashahada ya utabibu, GPA yangu ilizidi ile 3.0 inayotakiwa, na nilikuwa na miaka minne kazini. Mfumo ukaniomba namba ya mtihani wa kidato cha nne. Nikaiandika, ikavuta matokeo yangu yote kama mtu anayefungua sanduku la siri mbele ya wageni. Baadaye jibu likaja, la kistaarabu kabisa: hujakidhi vigezo.

Nilijua kwa nini. Hesabu, F.

Kwa asiyezijua taratibu hizi: mwenye stashahada ya utabibu anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari, ila kidato cha nne awe na angalau D katika fizikia, kemia, baiolojia, Kiingereza na hesabu. Chuo cha utabibu kilinipokea bila hesabu. Kwao ilikuwa nyongeza tu, ukiwa nayo vizuri, usipokuwa nayo ingia darasani. Ndiyo maana F yangu ilikaa kimya miaka kumi. Zamani mtu kama mimi angeenda kusomea udaktari msaidizi, miaka miwili, akarudi anaruhusiwa kupasua. Njia hiyo imeshafungwa.

Mimi ni wa 2012. Waliofanya mtihani mwaka ule wanaelewa bila maelezo. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu wakapata sifuri, nchi ikapiga kelele, Waziri Mkuu akaunda tume, na Mei matokeo yakapangwa upya. Wenzangu kadhaa walipanda. Hesabu yangu haikusogea hata kidogo. Shule niliyosoma haikuwa na mwalimu wa hesabu tangu tukiwa kidato cha pili, hilo nalisema kwa haki yangu. Lakini kulikuwa na jingine. Shule ya msingi nilikuwa mkali wa KDS na KKS, kigawe kidogo cha shirika, kigawo kikubwa cha shirika, nikifanya kichwani huku nachunga. Nikaingia kidato cha kwanza nikakuta vitu vilevile vimevaa majina ya Kiingereza na hakuna aliyenitambulisha. Mpaka nilipokuja kugundua kwamba ni wale wale, mtihani umeshapita.

Ningeweza kuiacha. Tabibu kijijini ni mtu mkubwa. Wazee wananiita dokta, na kwenye harusi natafutiwa kiti. Kilichonirudisha ni usiku mmoja wa masika, mama wa uzazi wa pili, uchungu tangu asubuhi, mtoto hashuki. Nilijua alichohitaji. Alihitaji upasuaji, na mimi si wa kupasua. Tulimwekea dripu, tukapiga simu, tukasubiri gari la kumpeleka Mugumu, na barabara ilikuwa matope matupu. Mama alipona. Mtoto hakupona. Mama mkwe wake alinishika mkono kesho yake akaniambia, "Ahsante dokta, umefanya ulichoweza." Sijawahi kusikia shukrani nzito namna ile. Sidai kwamba shahada ingenipa chumba cha upasuaji mfukoni. Lakini nilichoweza kilikuwa kidogo, na sehemu ya udogo wake ilikuwa ile F.

Basi mwanzoni mwa 2023 nikajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yako haianzi tena na S, inaanza na P. Herufi ndogo tu, lakini niliiangalia muda mrefu.

Mwalimu wangu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada, anaishi kwetu na alikuwa kidato cha tatu. Nilimwomba mwenyewe. Alicheka, halafu akaona sicheki. Kila jioni, baada ya vyombo, tulikaa chini ya taa ya sola na kaunta buku moja. Alikuwa mwalimu mkali, na adabu yake ilimpa shida: namna gani unamgombeza mjomba wako? Akatafuta njia. Nikikosea alikuwa anasema, "Mjomba, hebu mwombe huyu aliyeandika hapa arudie."

Logariti zilinitesa. Seti niliziweza. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa nafanya mitihani ya miaka ya nyuma nikipata 11, 14, 9. Nilihitaji 30 tu kati ya 100, na wako watakaosema 30 ni kitu gani. Waje wakae kwenye ile meza saa nne usiku baada ya zamu.

Jioni moja nililetewa mtoto nyumbani ana homa, kilo 9. Nikampigia dozi ya parasetamo palepale: miligramu 15 kwa kila kilo, jumla 135, na dawa ya maji ina 120 kwenye mililita 5, kwa hiyo apewe kama mililita 5 na nusu. Nikamwelekeza mama yake, akaondoka. Mpwa wangu alikuwa ananitazama. "Mjomba, hiyo si ile sura tuliyoiruka? Uwiano?" Nikamwambia hapana, hiyo ni dawa. Akachukua kalamu akaiandika kama swali la mtihani. Ilikuwa ileile. Tukafanya na ya dripu: mililita 500 ndani ya saa 4, matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? 42, nikajibu kabla hajamaliza kuandika. Nimekuwa nikiyahesabu matone hayo kwa miaka kwa kuangalia saa ya mkononi. Hakuna aliyeniambia ni hesabu. Kumbe hata mimi sikujiambia.

Kuanzia hapo alibadilisha ufundishaji. Uwezekano ukawa wa wagonjwa kumi na vipimo vya malaria. Takwimu zikatoka kwenye rejesta ya watoto. Sura ya dunia kama tufe ndiyo pekee aliyoshindwa kuitafutia ugonjwa, ila tuliifurahia kuliko zote: tuko kati ya nyuzi 1 na 2 kusini mwa Ikweta, kila nyuzi ni kama kilomita 111, kwa hiyo ukitembea kaskazini moja kwa moja kutoka uani kwetu hutafika hata kilomita 222 kabla ya kuivuka.

Novemba nikaenda kufanya mtihani. Waliovaa sare chumba chao, sisi wa kujitegemea chetu. Msimamizi nilishamtibu mwanawe. Aliponiona mlangoni akasema, "Dokta, kuna mgonjwa?" Nikamwonyesha kitambulisho cha mtahiniwa. Akakitazama, akanitazama, akanielekeza kwenye dawati kwa heshima iliyoniumiza kidogo. Saa tatu, maswali 14. Nilifanya 8, mawili sina uhakika nayo.

Mwishoni mwa Januari 2024 matokeo yakatoka. Mpwa wangu ndiye aliyeyafungua, mimi nilikuwa napima mjamzito. Aliingia bila kubisha hodi, akasimama, akasema kwa sauti ya mtu aliyetarajia zaidi, "D, mjomba."

D inaanzia 30 na kuishia 44. NECTA hawakwambii ni ngapi kati ya hizo. Yeye anaamini ni 44. Mimi, nikiwa peke yangu, huwa naona 30 kamili, na inanitosha.

Dirisha la udahili lilipofunguliwa Julai nilikaa tena pale nje penye mtandao. Mfumo ukaniuliza kama nimefanya mtihani wa kidato cha nne zaidi ya mara moja. Nikabonyeza ndiyo. Nikaandika namba ya kwanza, yenye S na 2012. Halafu ya pili, yenye P na 2023. Mpwa wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anazihakiki tarakimu moja moja kwa kidole.

"Hapo umekosea," akasema. "Mwombe huyu aliyeandika arudie."