Usimlaumu Mtu Kabla ya Kuitazama Mashine

Mimi ni Bwana Shamba. Siku moja nilipeleka mahindi kusagwa kwenye mashine ya kijiji. Mara shati la kijana msaidizi lilinaswa na mkanda. Kijana alipiga kelele. Mwendesha mashine alikimbilia ukutani, akabonyeza kitufe. Mashine haikusimama. Akabonyeza tena. Wapi! Alipobonyeza kitufe cha pili, mashine ilisimama. Lakini kidole kimoja cha kijana kilikuwa kimekwisha kukatika.

Nilimkemea mwendesha mashine mbele ya watu. Nilimwita mzembe. Alinyamaza.

Kesho yake nilikwenda na kamati kutazama vitufe. Vilikuwa viwili, vimekaa pamoja, navyo vilifanana. Rangi ilikuwa imetoka. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, tena yamefunikwa na unga. Mashine iliwashwa tupu. Nikawaambia wenzangu, "Nipigieni kelele ghafla, nami nitazima." Wakapiga kelele. Nami nikabonyeza kitufe cha kuwasha! Niliona aibu. Nilimwendea mwendesha mashine, nikamwomba radhi.

Hata wenye elimu kubwa wamekosea hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani walikuwa wakishatua salama, halafu wanakunja magurudumu kwa makosa. Ndege ililala kwa tumbo. Walilaumiwa marubani. Mwaka 1943, mtaalamu Alphonse Chapanis alichunguza ndege zenyewe. Aliona kuwa swichi ya magurudumu ilifanana na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo, nazo zilikaa jirani. Basi akafunga kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi ya magurudumu. Kwenye ile nyingine alifunga kipande kama kabari. Mkono ukajua wenyewe umeshika nini.

Sisi nasi tulimwita fundi. Kitufe cha kuzima sasa ni kikubwa, chekundu, tena kiko peke yake, karibu na mwendesha mashine. Tumeandika ZIMA na WASHA kwa Kiswahili. Mkanda umefunikwa kwa wavu wa chuma.

Ndugu msomaji, itazame mashine ya kijiji chako. Je, mtu mwenye hofu, mwenye unga mikononi, ataweza kuizima mara moja? Kama hawezi, ieleze kamati leo. Kidole kikikatika hakioti tena.