Walimu wa Wachungaji

Baba alifundisha wachungaji kwa miaka 21, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa mchungaji. Alikuwa mwinjilisti kutoka Ibaba, kule juu kwenye milima ya Ileje, mwenye stashahada moja ya theolojia na baiskeli moja. Chuo alichofundisha sitakitaja. Kilikuwa cha kanisa, chenye madarasa manne, bweni, banda la ng'ombe wa maziwa na nyumba sita za wakufunzi.

Nimekulia katika mojawapo ya nyumba hizo. Ukisema "mkufunzi wa chuo cha theolojia", watu humfikiria mtu mwenye suti na rafu za vitabu. Niliowajua mimi walikuwa na vitabu, ndiyo, na nguruwe pia. Mishahara ilitegemea michango ya makanisa ya vijijini, na waumini wa vijijini hutoa wakishavuna. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Mei nyumba zote sita zilikula kilichotoka shambani. Mwalimu wa Kiyunani alishona viatu jioni. Mwalimu wa Agano la Kale alifundisha kwaya, alizika, na alipatanisha wanachuo na wake zao. Mke wa mkuu wa chuo aliwafundisha wake za wanachuo kusoma, kushona na kuweka hesabu za nyumbani, miaka nenda rudi, na jina lake halikuwahi kuwekwa kwenye orodha ya wakufunzi.

Baba alifundisha Historia ya Kanisa. Alianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1722, wakimbizi wa dini walipopewa hifadhi kwenye ardhi ya bwana mkubwa mmoja, Zinzendorf. Miaka 10 baadaye Wamoraviani hao walituma wamisionari wao wa kwanza katika kisiwa cha St. Thomas, Karibiani, kwa watu waliokuwa watumwa. Walikuwa wawili: Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala. Hapo Baba alipenda kusimama kidogo, chaki mkononi, awaache wanachuo waliotoka kwenye useremala na ulimaji walitafakari jambo hilo.

Kisha alifika 1891, Wamoraviani walipofungua kituo Rungwe, ng'ambo ya milima yetu. Kisha vita. Mwaka 1916 Waingereza walipoingia, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na kazi ikabaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wenyeji. Kitabu cha kiada kilikuwa na sura nzima kuhusu wamisionari walioondoka. Kuhusu waliobaki kilikuwa na aya chache.

Basi Baba alikuwa na kazi ya likizo. Kila mwanachuo arudi kwao, amtafute mtu mzee kuliko wote kijijini, amuulize: nani alileta neno hapa? Alilala kwa nani? Alikula nini? Nani alimkataa, na kwa nini? Majibu yaandikwe kwenye daftari. Madaftari hayo aliyatunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa nayasoma kwa siri kama hadithi. Kuna mjane aliyetoa banda lake la mahindi liwe kanisa, kisha akalidai lirudi mahindi yalipokomaa. Kuna mwalimu aliyefundisha katekisimu akiwa na kitabu kimoja, kilichopita mkono kwa mkono hadi herufi za jaladani zikafutika.

Halafu vyuo vikaanza kupanda daraja. Haikuwa kwetu tu. Makumira, chuo cha Walutheri kilichoanzia Lwandai mwaka 1947 na kuhamia karibu na Usa River mwaka 1954, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini mwaka 1997. Limuru nchini Kenya, chuo kilichohamia huko kutoka Freretown, Mombasa, mwaka 1930, kikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's mwaka 2007. Mbeya, chuo cha theolojia cha Wamoraviani kikazaa Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji. Nchini Tanzania Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 ikaleta tume ya kusimamia nani afundishe nini, akiwa na cheti gani.

Chuo chetu nacho kikataka kutoa shahada. Mwenye stashahada hawezi kufundisha shahada. Hilo halihitaji ubishi. Baba alikuwa na miaka 52. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake na kumpangia kazi ya maktaba. Aliisoma mezani kwa sauti, yote, pamoja na kumbukumbu namba, kisha akaomba chumvi. Alikaa maktaba mwaka mmoja. Baadaye akabeba sanduku lake, akarudi Ibaba kulima viazi na kuhubiri.

Sisemi vyeti havina kazi. Nenda Tunduma mjini siku ya Jumapili usikie spika zinavyoshindana. Mtu anayeahidi kuponya ukimwi kwa mafuta ya chupa haulizwi alisomea wapi. Mwanachuo anayekwenda kuchunga watu maskini anastahili mwalimu anayeweza kusoma Kiyunani badala ya kukikisia. Na John Mbiti, Mkenya aliyepata udaktari wake Cambridge mwaka 1963 na kufundisha Makerere miaka 10, ndiye huyohuyo aliyekusanya hadithi za Wakamba, watu wake, na kuzichapisha. Udaktari haukumzuia kuwasikiliza wazee. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna fomu niliyowahi kuiona yenye nafasi ya kuandika kuwa mkufunzi anajua kusikiliza.

Mimi nilisoma hadi uzamili. Miaka mitatu baadaye chuo kilekile kilinipigia simu. Walikosa mwalimu wa Historia ya Kanisa.

Sikujibu. Nilipanda basi hadi Mpemba, nikashika njia ya Isongole na Itumba, kisha nikapanda bodaboda hadi Ibaba kwenye ukungu. Baba alikuwa shambani. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwambia kwamba nina mpango wa kukataa, kwa ajili yake. Aliendelea kuinua tuta.

"Mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "wale vijana ada yao inatoka kwenye viazi kama hivi. Ukikataa wewe, nani atakuwa amekomolewa?"

Sikuwa na jibu. Nilishika jembe la pili.

Nilianza kazi mhula uliofuata, na sanduku la bati likaja chuoni juu ya lori la viazi. Lilikuwa na madaftari 63. Mkaguzi wa ubora wa mitaala aliyatazama, akauliza yamechapishwa na nani. Nikamwambia hayajachapishwa, ni vyanzo vya msingi, na nikamwonyesha vilivyo na tarehe, mahali na jina la aliyehoji. Aliandika kitu kwenye fomu yake. Wiki mbili baadaye mtaala ulirudi umepitishwa, kazi ya likizo ikiwa na alama 20 kati ya 100. Mke wa mkuu wa zamani, ambaye sasa ni mjane, huja kila Alhamisi kufundisha utunzaji wa hesabu. Nimepigania jina lake liingie kwenye ratiba, na limeingia. Kwenye orodha ya malipo bado tunabishana.

Mwaka huu nina mwanachuo kutoka Ibaba. Aliporudi likizo, watu walimwelekeza kwa Baba. Kwenye daftari lake ameandika kwamba mzee huyo alikataa kuhojiwa, akisema yeye bado kijana, akamtuma kwa bibi mmoja ng'ambo ya bonde anayekumbuka zaidi. Bibi alizungumza siku mbili. Mwanachuo alipopita tena kuaga, Baba aliomba kuliona daftari. Kurasa zote zina masahihisho ya tahajia, kwa kalamu nyekundu.