Treni ya kwenda Nairobi inaondoka saa ngapi?

Jamani, kodi ya abiria wa ndege ya Uingereza inanishangaza. Ilianza mwaka 1994, na siku hizi hutetewa kwa jina la mazingira. Basi Aprili 2023 serikali ikapunguza kwa nusu kodi ya safari za ndani, kutoka pauni 13 hadi 6.50. Yaani London hadi Edinburgh, kwenye treni tele, ndiko kulikopewa nafuu! Shangazi yangu anayeishi London, akikata tiketi ya kuja matangani Nairobi, alitozwa 87, tena viti vya bei ya chini.

Sipingi kupunguza moshi; ukame tunaujua sisi. Lakini ukitaka watu waache ndege, anzia penye njia nyingine. Shangazi apande nini, ngalawa? Mwasemaje?