Bandu Bandu Huisha Gogo: Fumbo la Mhimili Mkaidi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba bandu bandu huisha gogo. Hekima hiyo ya shoka imepata makao mapya katika karakana ndogo za wapenzi wa mitambo, ambako mashine ya CNC, yaani mashine inayoongozwa kwa tarakimu, huchonga mbao kwa kufuata amri za tarakilishi. Mashine ya awali ya jinsi hii ilionyeshwa mwaka wa 1952 katika chuo cha MIT nchini Marekani. Leo hii kijana aweza kujiundia yake mezani kwa bodi ya Arduino, mota tatu au nne, na programu ya GRBL ambayo hutolewa bure.

Hata hivyo, kuunda si kutawala. Umeme uwashwapo kwa mara ya kwanza, aghalabu mashine hukaidi, na mwenyewe hutamka neno moja tu: "Imeharibika." Neno hilo halimfai kitu. Mgonjwa amwambiaye tabibu kwamba anaumwa, asitaje panapouma, huondoka na maumivu yake. Kadhalika, mota haiponi mpaka ipatiwe kitenzi kinachoistahili. Je, inatetemeka? Inarudi kinyume? Inapungukiwa? Au inateleza? Kila kitenzi kina chanzo chake.

Mota inayonguruma na kutetemeka bila kuzunguka huwa na kasoro ya waya. Mota ya hatua iliyozoeleka ina waya nne zinazounda koili mbili. Waya za koili hizo zikichanganywa, mota haipati mpangilio wa kufuata, nayo hutikisika papo hapo. Dawa yake ni rahisi. Umeme huzimwa, mota huchomolewa, kisha ncha za waya mbili hugusanishwa na ekseli kuzungushwa kwa vidole. Ikiwa nzito ghafla, waya hizo ni za koili moja. Lakini ole wake achomoaye waya hizo umeme ukingali unapita, kwani kijibodi kinachoiendesha mota chaweza kuungua mara moja.

Mota inayorudi kinyume huleta madhara ya namna nyingine. Mhimili wa X ukienda kushoto badala ya kulia, maandishi huchongwa yakiwa yamegeuka kama yaonekanavyo katika kioo. Mhimili wa Z ukigeuka, hatari huzidi: amri ya kuinua kekee huwa ndiyo ya kuididimiza ubaoni. Ndiyo maana mwenye busara huujaribu mhimili huo kekee ikiwa imetolewa. Katika GRBL, mwelekeo hurekebishwa katika mpangilio wa $3, ambapo 1 hugeuza X, 2 hugeuza Y, na 4 hugeuza Z. Anayetaka kugeuza X na Z kwa pamoja hujumlisha na kuandika 5.

Kasoro ya tatu ni ya kipimo. Mota nyingi za aina hii hupiga hatua 200 katika mzunguko mmoja. Kijibodi kikigawa kila hatua mara 16, hatua hizo huwa 3,200. Iwapo parafujo husogeza mhimili milimita 8 kwa kila mzunguko, basi milimita moja huhitaji hatua 400. Sasa, programu ikiachwa na thamani ya 250, amri ya milimita 100 itazaa hatua 25,000, na mhimili utasogea milimita 62.5 pekee. Atakaye kusahihisha huzidisha thamani ya zamani kwa umbali ulioamriwa, kisha hugawa kwa umbali uliopimwa: 250 mara 100, gawa kwa 62.5. Jibu ni 400.

Lakini hesabu hiyo hufaa tu pale kosa linapojirudia vilevile. Kipimo kikiwa 62.5 leo, 60 kesho na 61 kesho kutwa, tarakimu hazina hatia. Huenda skrubu inayoshika ekseli imelegea, au mota imeamriwa kushika kasi upesi kuliko nguvu zake, ikapoteza hatua njiani. Atakayebadilisha nambari kila siku ili kuufuata mhimili unaoteleza atazeeka akibadilisha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: ashike bisibisi, kisha apunguze mwongezeko wa kasi.

Katika haya yote mna jambo la kutafakariwa. Mashine ndogo za aina hii kwa kawaida hazina jicho. Tarakilishi huhesabu hatua ilizoamuru, si hatua zilizopigwa. Skrini yaweza kutangaza milimita 100 kwa fahari, ilhali ubao umepata pungufu. Rula ya shilingi chache ndiyo shahidi wa kweli, na fundi asiyepima huamini tangazo badala ya tendo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, somo ni bayana. Lugha yenye kutetemeka, kunguruma, kuteleza, kulegea na kudidimia haijapungukiwa na zana za kuielezea mitambo. Istilahi kadhaa zitakopwa, kama ilivyokopwa mota yenyewe. Utambuzi wa kasoro, hata hivyo, umo katika vitenzi, na vitenzi hivyo tayari vimo kinywani mwa fundi. Kilichobaki ni kuviandika.